Jicho la Kulia Kabla ya Fainali

Alhamisi, bwenini, Kibwezi

Tena leo mazoezini niliona mipira miwili. Niliruka nikadaka ule ambao haukuwepo. Timu nzima ilicheka, wakidhani nafanya mzaha. Nami nikacheka.

Tangu nigongane vichwa na mshambuliaji mmoja kwenye mechi kule Emali, jicho la kulia halijatulia. Na fainali ni Jumamosi, ya kwanza kabisa kwa timu ya wasichana ya chuo chetu. Golikipa ni mimi.

Halima, tunayelala naye chumba kimoja, alikuwa akitazama pembeni mwa uwanja na hakucheka. Alinivuta kando.

"Mwende, unaona vizuri?"

"Naona."

"Haya, hivi ni vidole vingapi?"

Nilihesabu, nikapotea, nikaanza tena. Alishusha mkono akaanza kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Tulienda pamoja kwa kocha. Nilidhani atafoka, au ataniomba nivumilie mechi hiyo moja tu. Badala yake aliniuliza kama ninatapika. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

"Jumamosi hutacheza," akasema. "Kesho asubuhi nitakupeleka hospitali mwenyewe."

Jioni Ndinda, beki wetu, alikuja kuchukua glavu. Hajawahi kukaa golini. Aliniambia pole, kisha akavaa glavu ya kulia mkono wa kushoto.

Mama bado hajui. Nikimpigia sasa atasikia sauti yangu na hatalala.

Laiti ingekuwa ni fainali tu inayoniliza. Lakini nimefunga jicho la kushoto sasa hivi, nikamtazama Halima kitandani kwake, na nimeona ukungu tu. Sitaki kujaribu tena.