Ukuta wa Futi Tisa

Kitengela, Jumapili

Mama Sein, mke wangu,

Sopa. Naamini barua hii imekukuta ukiwa na nguvu, na Sein amepona kile kikohozi. Je, mvua imefika huko Loitokitok ama bado mnategemea mfereji? Mimi niko hai. Ninaandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza katikati, nami ningenyamaza.

Uliuliza kama mje mwezi ujao. Kabla hujafunga mizigo, sikia haya.

Jumanne nilirudi nyumbani saa nane mchana kula. Nikakuta wanaume wawili uani wamebeba mashine yangu ya kuchomelea. Nikapiga simu kituoni. Aliyepokea akasema gari limetoka, halafu akacheka: "Kwani wewe si Mmaasai? Rungu umeacha wapi?" Basi nikalichukua. Mmoja nilimpata begani, mwenzake akanipiga mkono kwa chuma. Nimeshonwa nyuzi saba. Waliitupa mashine wakaruka ukuta. Polisi walikuja kesho yake saa nne asubuhi. Masaa ishirini, Mama Sein, na kituo kiko kilomita tatu! Kwa miguu ni dakika thelathini na tano.

Lakini si polisi wanaoninyima usingizi. Nilipiga nduru. Unajua nduru ya kwetu: hata mzee mgonjwa angetoka na fimbo. Hapa nilisikia makomeo ya mageti yakifungwa. Nilihesabu sita. Baadaye jirani yangu wa kushoto, Mama Njeri anayeuza mboga, aliniambia kupitia tundu la geti, "Pole, kumbe ulikuwa wewe? Na ukuta mrefu hivyo, tungejua aje nani anaua nani?" Tumepakana miaka miwili na hajui jina langu.

Ukuta huo niliujenga mwenyewe, futi tisa, nikajivunia. Kwetu boma ni miiba, ng'ombe akikohoa jirani anasikia. Mimi nilijenga ngome, na wezi wakafanya kazi ndani yake bila kuonekana.

Kuna lingine ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana Mama Njeri naye alipiga nduru, mchana vilevile. Nilipigia polisi mara moja, nikaona nimemaliza wajibu wangu, nikafunga geti. Komeo langu lilikuwa miongoni mwa yale aliyoyasikia yeye. Wezi walimvunja meno mawili.

Tangu Alhamisi ninaangusha mawe ya ukuta, upande wa Mama Njeri, kwa mkono mmoja. Nimetoa kozi tano, zile safu za mawe, zimebaki saba. Sasa ninaona kichwa chake akianika nguo, naye anaona changu.

Kwa hivyo njooni, lakini mje mkijua: polisi hapa ni wa kuandika ripoti. Wa kuja ni jirani, na mimi jirani bado sina. Inabidi tumtafute wenyewe.

Nisalimie mama yangu, nyuzi usimtajie. Msalimie kaka yako anayelima nyanya, na pasta aliyetufungisha ndoa.

Siku utakayofika, usifungue hata mfuko mmoja. Beba maziwa twende kwa Mama Njeri, wewe ukitangulia. Nimejaribu peke yangu mara tatu. Nafika getini kwake, nainua mkono kubisha, halafu narudi.

Mumeo anayewangoja,
Baba Sein