Mbao za Kaburi Lako

Fundi wangu Mzee Rajabu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini kukuandikia bila kukuamkia siwezi.

Nafasi yako ya unyapara karakanani bwana wetu Mdachi amempa mkweo, Shabani. Ndiyo, huyo huyo. Amejipatia filimbi na tarabushi mpya, anazunguka mashine kifua mbele kama jogoo. Kazi hajui. Anajua kuitika "Ndiyo, Bwana Mkubwa" kabla hajaulizwa, basi. Nawe, nisamehe, ulimwoza binti yako Zainabu kwa kuipenda sauti yake ya kuadhini. Sasa sauti na msumeno vinahusiana nini?

Ngoja nikueleze alivyotaka kukuzika. Siku ile homa ilipokuchukua, Mdachi alituruhusu tutumie msumeno wa mezani kukata mbao za kukufunikia kaburini. Shabani akadai ni haki yake kama mkwe. Akauacha msumeno wa kukatishia mbao kwa upana, wenye meno mengi madogo, akafunga ule wa kupasulia kwa urefu, wenye meno machache makubwa, eti unakula upesi na watu wanasubiri. Mninga mkavu, Fundi, anaukatisha kwa msumeno wa kupasulia! Ncha zikachanika, nyuzi zikaning'inia. Ubao wa pili ukarushwa, ukampita ubavuni. Mpumbavu akacheka.

"Nani ataziona?" akasema. "Si zinafukiwa?"

Wewe uliyekuwa ukipapasa ncha ya kila ubao kabla haujatoka, ufunikwe na takataka ile? Nikavua mkanda wa mashine, nikangoja msumeno usimame kabisa, nikafunga wa meno madogo. Nikainua meza mpaka meno yakachungulia kidogo tu juu ya ubao, nikausukuma taratibu kwa kibao, mikono mbali, kama ulivyonizoeza. Mbao zikatoka safi. Ila tulikuzika jua linatua, na jamaa zako wa Kondoa wakanilaumu mimi, maana Shabani alishawaambia ndimi niliyewachelewesha. Muungwana kweli!

Hajakoma. Juzi msumeno umemng'oa ukucha, na yeye anautukana mti.

Jana Mama, mjane wako, akaniita. Akaniambia, "Mwanangu, mfundishe. Huyu akikatika mikono, Zainabu wangu atalishwa na nani?" Nilitaka kukataa. Nilitaka akatwe, nakwambia kweli, maana sina huruma naye hata chembe. Lakini Zainabu alikuwa amekaa pale mlangoni na tumbo lake kubwa, kainama. Nimekukumbuka mno, Fundi. Nikashindwa kusema hapana.

Basi leo nimemwambia aweke kando filimbi na tarabushi, tuanze kujifunza meno gani ya kupasulia na yapi ya kukatishia. Akanuna. Na anune. Kumpenda sitampenda, usiniombe hilo.

Pumzika, Fundi wangu. Kila jioni nitamrudisha kwa binti yako na vidole vyake vyote, hata kama mwenyewe hajui vina kazi gani.

Mwanafunzi wako,
Yohana