Soksi ya Manjano Uliyofichia Dawa

Mpendwa dada yangu,

Jana nilibeba robota la nguo za watoto hadi kwenye kibanda chako pale sokoni Gikomba. Siku hizi kina mwenyewe mwingine, mama mmoja wa mtaa wa Lucky Summer. Alipolikata kamba, soksi zikamwagika, nyingi hazina wenzake, na macho yangu yakaanza kutafuta ya manjano.

Unaikumbuka? Mguu wako ulipovimba wakakuta damu imeganda, hospitali kubwa ilikupa vidonge vya kuifanya iwe nyepesi. Siku moja ulivimeza kibandani, mteja akaona pakiti, akairudisha fulana aliyokuwa ameshachagua.

"Unaumwa nini, mama? Hii ni ya mtoto mchanga."

Tangu siku hiyo ulitoa kila kidonge kwenye pakiti yake ukakificha ndani ya soksi. Jioni, chumbani kwetu Tassia, nilikuuliza soksi ya pili iko wapi.

"Iko Ulaya, nayo inameza dawa zake," ukasema, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Kisha bega likaanza kukusumbua. Kliniki ya mtaani ikakuandikia vidonge vya maumivu, navyo vikaingia humo humo. Daktari alikuuliza kama unatumia dawa nyingine, ukajibu hakuna. Hayo niliyajua wodini tu, uliponiambia kwa sauti ya chini:

"Mlango ulikuwa wazi, na Mama Shiru anayeuza sketi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Ningesema, kesho soko zima lingejua."

Wakati huo ulikuwa umeshatapika damu. Choo kilikuwa cheusi siku kadhaa nawe ukadhani ni mboga ya managu uliyokula. Muuguzi aliponiuliza unatumia nini nilimpa soksi. Akaimwaga kwenye trei: vyeupe, vya waridi, vingine vimevunjika vikawa unga.

"Kaka, hiki ni cha nini? Na hiki?"

Sikujua. Wewe ulikuwa umeshalala, na hukuamka tena.

Daktari alinieleza baadaye bila kunizungusha. Dawa moja ilizuia damu kuganda, nyingine ikaumiza tumbo, na zilipokutana damu haikukoma. "Kama kliniki ingejua, angepewa dawa nyingine ya bega," akasema. Basi. Ni hayo tu. Mzigo wowote huwa nautua jioni, dada, lakini haya maneno nalala nayo.

Sasa na mimi nina presha na sukari. Naenda kliniki na pakiti zangu zote, hata ile mitishamba anayonitumia mama kutoka nyumbani, nazipanga mezani kabla sijaketi. Wabebaji wenzangu wananitania, "Mzee, umefungua duka la dawa?" Nawaacha wacheke.

Jana yule mama wa Lucky Summer aligeukia ukuta kumeza kidonge. Nilisimama na robota lingine begani, nikamkinga wateja wasimwone. Kisha nikamwambia, "Meza tu, mama. Ila usizitoe dawa kwenye pakiti zake. Na daktari akikuuliza, mtajie zote, hata mlango ukiwa wazi."

Akaniuliza nimeyajulia wapi. Nilikaribia kulitaja jina lako. Nikatua mzigo, nikarudi kuchukua mwingine.

Pumzika, dada.

Ni mimi mdogo wako, uliyenipokea Nairobi.