Frigo ya Mama na Kisu Chako

Kamalondo, Jumatano, tarehe 9 Julai

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Chisanga,

Nimeandika tarehe juu kabisa ili siku moja nisijidai kwamba nilisahau, na ninaahidi mbele ya Mungu kukuambia yote, hata yale yanayonitia haya.

Lakini kwanza nikusalimu. Hujambo? Huko Kasungami baridi ni kali kama huku? Mguu wa tantine Edith, shangazi unayekaa kwake sasa, unaendeleaje? Sisi tuko wazima. Papa amepona kikohozi, na mimi nimemaliza mwaka na asilimia sabini na mbili. Kitanda chetu ninakitandika kila asubuhi, lakini bado ninalala upande wangu tu, ule wa ukutani.

Ninajua hupendi kukumbuka ile Jumamosi, ila siwezi kuiruka. Mama alikuwa amekutuma usafishe frigo. Barafu ilikuwa nene, ukachukua kisu cha jikoni ukaibandua kidogo kidogo. Mchana frigo ikanyamaza. Kesho yake samaki waliotoka Kilwa, kule ziwani, walikuwa wamekwisha kunuka, na Mama akasema umetoboa mrija wa gesi. Kama angeishia hapo, labda ungekuwa nasi leo. Lakini akaongeza kwamba mtoto wa ndugu wa mume hawezi kuhurumia vitu vya nyumba isiyo yake. Ulikunja nguo zako, ukaosha hata kile kisu, ukakirudisha mahali pake, ukaenda. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio mkononi. Sikusema neno.

Ijumaa iliyopita Papa alileta fundi, baba Mukuka, yule mwenye kuvaa kofia mbili kwa ajili ya baridi. Mama alimweleza habari ya kisu. Baba Mukuka akamulika ndani, akapapasa kuta zote, akasema hakuna tundu hata moja, gesi yote ipo, na aliyebandua barafu hii ana mkono wa muuguzi. Kisha akaivuta frigo kutoka ukutani, akainama nyuma yake, akamwita Mama aje anuse.

Juu ya mota kulikuwa na chupa ya plastiki iliyopasuka toka mdomoni hadi chini. Kilichokuwa ndani kilikuwa kimemwagikia kile kisanduku kidogo kinachowasha mota, kikakauka kama gundi, na sisimizi wameingia humo kwa mamia, wamefia humo humo. Baba Mukuka alikwangua kidogo, akanusa, akasema, “Mama, hii frigo haikufwa. Iko imelewa tu.” Ni munkoyo, alisema, uji wa mahindi uliochachushwa kwa mizizi, na aliyeupika anajua kazi.

Papa alitoka kwenda uani kucheka. Mama hakucheka. Aliuliza chupa ni ya nani, na aliponiona ninafagia mahali nilipokwisha kufagia, hakuelewa. Akasema, basi ni Chisanga tena.

Yaya, chupa ni yangu.

Nkambo, nyanya yetu, alinifundisha kupika munkoyo likizo ya Pasaka. Aliniambia unataka joto, la sivyo wakati wa baridi hauchachi. Jikoni nisingeweza kuuweka, kwa kuwa Mama anakataza munkoyo nyumbani. Anasema unaleta sisimizi. Mahali pengine penye joto ni nyuma ya frigo, pale paka anapolala. Nilikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili harufu isitoke, kumbe nimefungia na hewa yake. Nilitaka kukupongeza kwa kumaliza mtihani wa Serikali. Munkoyo ule ulikuwa wako.

Jumamosi ile, ulipotoka kumwaga maji, nilisikia mlio. Nilichungulia, nikapangusa pale mkono wangu ulipofika, nikanyamaza. Mama alipotaja kisu nilijilazimisha kuamini kwamba labda ni kisu kweli. Nilijua nusu, na nusu hiyo ilitosha kunifanya niseme. Sikusema. Nisamehe.

Jumapili, baada ya misa, nilimwambia Mama. Hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda mbele ya frigo, ambayo sasa inanguruma vizuri, akakishika kile kisu chako magotini. Baadaye akasema kwamba maneno aliyoyatoa, baba Mukuka hawezi kuyakwangua. Aliniamuru nikuandikie kwanza, kwa maana anaona haya kufika Kasungami bila kujua atapokewaje.

Juzi alikwenda sokoni mwenyewe kununua mizizi. Munkoyo uko jikoni, karibu na mbabula ya makaa, katika sufuria isiyofunikwa, na utakuwa tayari Jumamosi.

Papa na nkambo wanakusalimu sana. Mpe tantine Edith pole za mguu. Barua hii inaletwa na mama Gaëlle, jirani yetu anayekuja huko kuchukua mboga. Atangoja jibu lako.

Ni mimi mdogo wako,
Syntiche

Nimekuachia nafasi hapa chini ya karatasi. Mama akija Jumamosi, utamfungulia mlango?