Kisu Kilichogandana na Chuma

Jumatano, baada ya Isha

Kwako nafsi yangu, salamu na taadhima.

Yah: Kisu cha kompyuta kukataa kukata.

Madhumuni ya kuandika ni kukujulisha kwamba sielewi. Nilichora kwenye kompyuta mhimili wa chuma wa mashine ya kukamulia mafuta ya nazi. Ubavuni mwake nikachora kisu, yaani umbo nene la duara, pamoja na njia ya kukizungusha ili kichimbe mfereji wa parafujo. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kisu. Nami nakiona!

Nikikigusa, mhimili nao wang'aa. Nashuku vimekuwa kitu kimoja, kwa kuwa mwenyewe niliridhia viunganishwe. Marehemu baba, mchonga mbao, alinifunza kwamba chombo madhubuti hutoka katika pande moja la mti. Je, mafunzo hayo hapa ni kosa? Nilipovitenganisha, mhimili wote ukatoweka, na sababu yake siijui.

Alasiri alipita Bi Time, mkuu wa kinamama wa Wawi wanaoisubiri mashine.

"Injinia, chuma hakijakatika bado?"

"Kisu kimegandana nacho, Bi Time."

"Basi mie n'takuletea changu cha kumenyea muhogo!"

Kisha akasema, bila kicheko, kwamba nazi zao zaanza kuchipua. Kesho mchoro ukikosekana, fundi wa kukereza chuma ataanza kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba uamuzi kabla ya alfajiri: nimpelekee fundi parafujo ya mti aliyoichonga baba, aipime kwa mkono na kuiiga kwa chuma, na Bi Time asiniite tena injinia, au nijaribu mara moja zaidi?