Anayenimalizia Sentensi

3 Mei

Shemeji,

Salamu. Huku wazima, ila mguu wa mama umevimba tena. Wewe na mtoto mnaendeleaje?

Nitasema wazi. Kwenye maziko ya dada yangu, mkeo, tulikuomba maneno mawili tu, ukabaki mdomo wazi kama mlango usio na komeo. Jana nimepita kwako nikasimama dirishani: unamsomea mtoto hadithi, maneno yanatiririka. Kumbe unaweza. Miezi sita dada alikusindikiza kila Jumanne kwa yule mwalimu wa matamshi. Basi hicho si kigugumizi, ni kiburi. Mtoto ataiga. Tunamchukua tumlee huku. Kikao ni Jumapili, tarehe 18.

Mjomba wa mtoto

7 Mei

Shemeji,

Mpe mama pole ya mguu. Sisi tunaamka, tunakula. Mtoto ana mafua kidogo.

Mwalimu alinifundisha kutanguliza pumzi na kulivuta neno la kwanza taratibu. Njia hiyo inafanya kazi. Chumbani kwake ilifanya kazi kila Jumanne. Kwa mtoto hata siihitaji. Lakini inataka akili yangu yote ikae mdomoni, na siku ile akili yangu ilikuwa shimoni na dada yako. Tena neno likigoma huwa nalikwepa kwa jingine, na mlichotaka niseme ni jina lake. Jina nilikwepe kwa lipi?

Mimi seremala. Gundi iliyoshika mbao kavu jana, leo kwenye mbao zenye maji inaachia. Hakuna anayeiita gundi hiyo yenye kiburi.

Dada yako, nikikwama, alikuwa akiendelea kukunja nguo. Hakuinua macho. Nikifika mwisho, ananijibu.

Shemeji yako

12 Mei

Shemeji,

Barua imefika. Mama hajambo kiasi. Mafua ya mtoto yameisha?

Kumbe kwenye karatasi wewe ni msemaji. Habari za gundi wape wateja wako. Kinachofanya kazi leo na kesho kikagoma ni kisingizio tu. Jumapili usije na karatasi. Sema kwa mdomo, au mfungashie mtoto nguo zake.

Mjomba wa mtoto

20 Mei

Shemeji,

Natumaini umeamka salama. Mtoto amepona mafua.

Jumapili asubuhi niliihutubia randa na misumeno karakanani, hotuba nzima, bila kukwama hata mara moja. Sebuleni kwenu njia ya mwalimu ikanitupa kwenye neno la kwanza. Nikaiacha, nikasema nilivyo.

Ulinimalizia sentensi mara sita, na mara zote sita ulikosea. Nilipokwama baada ya “naomba”, ukaweka “msamaha”. Msamaha wa nini? Nilikuwa naomba mwanangu. Ndipo mama akakwambia, “Nyamaza wewe. Huyu namwelewa. Wewe ndiye nisiyekuelewa, na maneno yako yote hayo.” Ukasusa, ukatoka.

Jambo la dakika moja lilinichukua robo saa. Mama alikaa, mguu juu ya kigoda, mpaka nikamaliza. Kisha akasema mtoto abaki kwa baba yake. Nakuandikia usije ukasikia kwa watu.

Mtoto anakusalimia. Ana habari ndefu ya paka wa jirani aliyezaa kabatini, na huisimulia kwa kurudi nyuma mara nyingi. Ukija kumwona, uje na muda.

Shemeji yako