Taa Isiyo na Moshi

Misunkumilo, Mpanda
Juni 1997

Mwanangu Joséline,

Pokea salamu zetu. Mahindi yamekauka vizuri, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Daktari amekataza koroboi chumbani kwa mama yako, kwa sababu moshi unamziba kifua. Kwa hiyo nimetengeneza taa nyingine. Nilichomoa vitaa vidogo, vyekundu na vya kijani, kutoka katika redio mbovu za majirani, nikavipanga juu ya ubao mrefu na kuviunga na betri zilizochoka, ambazo haziwezi tena kuendesha redio. Ubao nimeugeuzia ukutani, penye chokaa, ili mwanga umfikie kwa upole. Unawaka hadi asubuhi, na hauna moshi hata kidogo.

Alipouona alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, umenifungulia kilabu cha pombe?"

"Kunywa uji wako," nikamwambia.

Siku hizi analala ameketi, na hali chochote ila uji huo. Mwanga wa ubao hautoshi kusomea, lakini unatosha kuutambua uso. Kila jioni ananiuliza kama uko njiani, nami namjibu ndiyo. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kusema kweli. Panda treni ya kwanza, usinifanye mwongo.

Baba yako,
Sixte